Mali Bila Daftari: Ni Nani Atatoa Hesabu ya Sadaka ya Wagonjwa?

Hotuba kwa wanaharakati wa mageuzi na waumini



Mada mliyotukabidhi ni uwajibikaji wa mashirika ya hisani yanayokusanya fedha kwa ajili ya wagonjwa. Huenda wapo kati yenu wanaojiuliza kama mada hii ni yetu. Je, serikali imeishiwa na makosa hata tuanze kuwachunguza wanaowatibu maskini? Kuna ubaya gani mtu akiwapelekea wagonjwa blanketi na dawa?

Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu kabla hatujaendelea. Tulipodai kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kifutwe, nacho kikafutwa Desemba 1991, hatukudai hivyo kwa kuwa tulipenda wingi wa vyama. Tulidai kwa sababu tulichoka na kanuni moja, nayo ni kwamba aliyeshika mali ya umma haulizwi, na anayeuliza ni adui. Kanuni hiyo ikiwa ni mbaya katika ofisi ya serikali, haiwezi kugeuka kuwa njema inapohamia katika ofisi ya shirika, hata kama mlangoni pana msalaba na ukutani pana picha ya mtoto mgonjwa. Tukimwuliza mbunge habari za fedha za maendeleo kisha tukanyamaza mbele ya mkurugenzi wa shirika la hisani, tutakuwa tunapigania mageuzi nusu.

Fedha hizi ni za nani?

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari hufunguliwa kwa ajili ya mwenye mali, kwa hiyo yatupasa kwanza kumjua mwenye mali.

Mama anapotoa shilingi mia moja ili mtoto wa jirani asafishwe figo, shilingi hizo zinamtoka mikononi. Si zake tena. Lakini hazikuwa za mkurugenzi wa shirika hata dakika moja. Katika sheria ya amana tuliyoirithi kutoka Uingereza, anayepokea mali kwa ajili ya mtu mwingine huitwa mdhamini. Mdhamini anaishika mali bila kuimiliki. Haruhusiwi kujinufaisha kwayo, haruhusiwi kuitumia kwa jambo jingine kinyume cha lile iliyotolewa kwa ajili yake, na akiulizwa lazima aonyeshe ilivyotumika. Mwenye manufaa ni yule mtoto. Kwa hiyo mwenye haki ya kwanza ya kuuliza ni mgonjwa na jamaa yake. Mtoaji ni wa pili. Mkaguzi wa kutoka nchi za nje ni wa tatu.

Tazameni sasa mambo yanavyofanyika. Shirika hutoa hesabu kwenda juu, kwa mfadhili aliye mbali, kwa lugha ambayo mgonjwa haisomi, katika kitabu ambacho mgonjwa hakioni. Picha ya mgonjwa imepigwa, imechapishwa, imetumika kuomba fedha; yeye mwenyewe hajui zilipatikana ngapi kwa uso wake. Hapo ndipo penye kasoro. Hesabu imepanda ngazi wakati ilipaswa pia kushuka.

Tena, wako watoaji wasiojijua. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato huruhusu mashirika ya hisani kuomba msamaha wa kodi. Shirika linaposamehewa kodi, pengo hilo linazibwa na sisi wengine: mwalimu, mwenye duka, mfanyakazi wa kiwandani. Kwa hiyo hata yule ambaye hajawahi kutia sarafu katika kikapu cha shirika hilo amechangia, naye ana haki ya kuuliza.

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika miaka hii. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa. Huduma nyingi za Ukimwi, kifua kikuu na malaria hapa kwetu zilikuwa zimeegemea nguzo hiyo tangu mpango wa PEPFAR uanzishwe 2003. Nguzo ikitikisika, macho yanageukia kikapu cha kanisa, harambee na nambari ya Paybill inayozungushwa katika simu. Mfadhili mkubwa wa kesho huenda akawa ni sisi wenyewe. Ikiwa wafadhili wa mbali walituma wakaguzi wao, sisi tutamtuma nani?

Jinsi sadaka inavyopotea

Wengi wetu tukisikia neno wizi humfikiria mtu anayechota fedha kutoka sandukuni usiku. Wizi wa namna hiyo upo, lakini ni mdogo na hukamatwa upesi. Upotevu mkubwa una stakabadhi, una muhuri, na umepitishwa katika mkutano wa bodi.

Namna ya kwanza ni ya kununua kwa jamaa. Shirika linakodisha gari, na gari ni la mke wa mkurugenzi. Linanunua magodoro, na duka ni la ndugu yake mhazini. Bei imeongezwa, lakini hati zote zimekamilika. Mkaguzi anayetazama karatasi tu ataona kila kitu kimenyooka.

Namna ya pili ni ya semina. Fedha za kupambana na malaria zinamalizikia katika hoteli, kwa posho za siku, nauli na chakula cha mchana, na orodha ya waliohudhuria ina saini za watu ambao hawakufika. Vyandarua vinahesabiwa kwa makumi, posho kwa maelfu.

Namna ya tatu ni ya kuhamisha lengo. Michango ilikusanywa ili kununua mashine ya kusafisha figo. Ikalipa kodi ya ofisi na deni la mwaka jana. Hakuna aliyetia fedha mfukoni mwake, na kwa hiyo wahusika huona hawakutenda kosa. Sheria ya amana haioni hivyo. Aliyetoa kwa ajili ya mashine hakutoa kwa ajili ya ofisi.

Namna ya nne ni ya msaada wa vitu. Dawa zinazokaribia kwisha muda wake zinaletwa kutoka ng'ambo, zinaandikwa katika hesabu kwa bei ya juu, shirika linaonekana limetoa mamilioni, na kijiji kinabaki na kazi ya kuzichoma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya dawa za msaada mwaka 1996, likaurekebisha 1999. Mwongozo huo unataka dawa ziletwe kwa mujibu wa mahitaji ya wanaozipokea, ziwe na maelezo katika lugha inayoeleweka na wahudumu wa huko, na kwa kawaida ziwe zimebakiwa na angalau mwaka mmoja tangu siku ya kufika. Mhudumu yeyote wa zahanati anaweza kuuliza swali hili akiwa ameshika boksi mkononi: dawa hii inakwisha lini?

Hapa tuseme neno la tahadhari. Wako wanaodhani kwamba shirika safi ni lile lisilotumia chochote katika mishahara na ofisi. Sivyo. Mshahara wa muuguzi ndio matibabu yenyewe. Mhasibu mwaminifu anagharimu fedha, na shirika lisilo na mhasibu kwa kutaka kuonekana halina matumizi ya ofisi limeacha mlango wazi. Tusiulize tu ni kiasi gani kilitumika ofisini. Tuulize kilinunua nini, kwa bei gani, kwa nani, na mgonjwa gani alipona au alipata nafuu kwa ajili yake.

Funzo la Uganda

Tuchukue mfano mmoja wa jirani zetu, kwa kuwa ulipita mahakamani na ukweli wake umethibitishwa.

Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulianzishwa 2002. Agosti 2005 Mfuko huo ulisimamisha ruzuku zake zote 5 nchini Uganda, baada ya wakaguzi kugundua kasoro kubwa katika kitengo kilichosimamia fedha hizo ndani ya Wizara ya Afya. Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji James Ogoola. Usimamishaji uliondolewa Novemba mwaka huohuo, lakini uchunguzi uliendelea, na baadhi ya mambo yakafika mahakamani.

Mwaka 2009 mahakama ya kupambana na ufisadi mjini Kampala ilimhukumu Teddy Seezi Cheeye, afisa wa ngazi ya juu serikalini, kifungo cha miaka 10 kwa ubadhirifu wa shilingi milioni 120 za Uganda. Fedha hizo zilikuwa zimetolewa na Mfuko wa Dunia kwa shirika lake, ili lifuatilie kazi za kupambana na magonjwa hayo katika wilaya. Na shirika hilo liliitwaje? Liliitwa Kituo cha Uwajibikaji cha Uganda.

Ndugu zetu, tusipite jina hilo haraka. Lililopewa kazi ya kuangalia mali ya wagonjwa lilikuwa na neno uwajibikaji juu ya mlango wake. Lilikuwa na usajili, akaunti ya benki na hati za kuonyesha kwamba kazi imefanyika. Mahakama ilizikuta hati hizo kuwa za kughushi. Huko juu kila karatasi ilikuwa imejibu kila swali. Huko chini, wilayani, ambako kazi ilisemekana kufanyika, ndiko ukweli ulikokuwa, na hakuna aliyekuwa amewauliza wananchi wa huko kabla jambo halijaharibika. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba hesabu inayopanda bila kushuka si hesabu.

Kuna funzo la pili, nalo ni chungu zaidi. Ruzuku ziliposimamishwa, aliyeadhibiwa kwanza hakuwa mwizi. Mwizi alisubiri kesi yake miaka kadhaa. Mgonjwa wa kifua kikuu hawezi kusubiri hata mwezi, kwa maana dawa ikikatizwa ugonjwa hurudi ukiwa mkaidi kuliko mwanzo. Wapo wanaotumia hoja hii kutunyamazisha. Husema: msipige kelele, wafadhili wakisikia watakata msaada na watu watakufa. Sisi tunaigeuza hoja hiyo. Kwa kuwa kukatwa kwa msaada huua, ni lazima wizi ugunduliwe mapema, ungali mdogo, na wale walio karibu nao, kabla haujawa mkubwa kiasi cha kugunduliwa na walio mbali. Kimya hakiwalindi wagonjwa. Kimya hukuza deni ambalo watalilipa wao.

Wala tusiwanyoshee Waganda kidole. Hapa kwetu, mwaka 2004, aliyekuwa mkurugenzi wa Baraza la Kitaifa la Kudhibiti Ukimwi alifungwa kwa kujipatia mshahara mkubwa kwa udanganyifu, akatoka miezi michache baadaye kwa msamaha wa Rais. Mwezi Mei 2023 Rais alimwachisha kazi Katibu katika Wizara ya Afya na kuivunja bodi ya KEMSA, kwa sababu ya zabuni ya vyandarua vilivyofadhiliwa na Mfuko wa Dunia huohuo. Hizo ni taasisi za serikali na si mashirika ya hisani. Lakini fedha zilikuwa za msaada, na mgonjwa ni yuleyule.

Si ugonjwa wa Afrika peke yake

Pia tusikubali kuambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa Mwafrika. Mwezi Mei 2015 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, pamoja na majimbo yote 50, ilishtaki mashirika manne yaliyojiita ya kuwasaidia wenye saratani. Yalidaiwa kukusanya zaidi ya dola milioni 187 kutoka kwa watoaji kati ya 2008 na 2012, na sehemu kubwa kuishia kwa wenye mashirika, jamaa zao na makampuni ya kuchangisha fedha. Mashirika hayo yalifungwa. Mbinu zilizotajwa katika mashtaka hayo mmekwisha kuzisikia hapa: jamaa katika ajira, na vitu vya msaada vilivyoandikwa kwa thamani isiyo yake.

Mwaka 2017 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilitangaza lenyewe kwamba zaidi ya dola milioni 5 zilipotea kwa udanganyifu wakati wa kupambana na Ebola huko Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016. Sierra Leone palikuwa na njama kati ya wafanyakazi na watu wa benki. Guinea palikuwa na hati za uongo za forodha. Liberia bei za vifaa na malipo ya wafanyakazi yaliongezwa. Tunautaja mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba hata jina kubwa na la kuheshimiwa si kufuli. Pili, shirika hilo lilitamka hadharani lililotokea, nchi kwa nchi. Shirika linalosema "tumeibiwa, na hivi ndivyo ilivyokuwa" linastahili kuaminiwa zaidi ya lile ambalo, kwa miaka ishirini, halijawahi kupoteza hata shilingi.

Rungu la serikali si dawa

Sasa tunafika penye hatari. Mtu akisikia haya yote anaweza kusema: basi serikali iyashike mashirika haya na kuyatia adabu. Ndugu, tumeipita njia hiyo na tunajua inakoishia.

Sheria ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilipitishwa 1990, mwaka uleule wa Saba Saba. Iliipa serikali uwezo wa kuyasajili na kuyafuta mashirika. Mwaka 1995 Mwangaza Trust na CLARION, shirika la utafiti wa sheria lililokuwa limechapisha habari za ufisadi, yalifutwa. Walioadhibiwa kwa jina la usimamizi walikuwa wale waliouliza maswali. Desemba 2013 Bunge lilikataa pendekezo la kuweka kikomo cha asilimia 15 kwa fedha ambazo shirika lingeweza kupokea kutoka nje. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2014, mashirika 510 yalifutwa kwa mpigo, mengi yao kwa sababu iliyotajwa ya kutowasilisha hesabu. Kutowasilisha hesabu ni kosa la kweli. Lakini kufuta mashirika 510 kwa siku moja si ukaguzi. Wagonjwa waliokuwa wakitegemea shirika zuri lililochelewesha karatasi walihukumiwa pamoja na walaghai.

Ndiyo maana wengi wetu tulipigania sheria mpya. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa saini Januari 2013, kisha ikalala. Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2016 ianze kutumika, iliendelea kulala. Ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, baada ya miaka 11. Inayataka mashirika kutunza vitabu vya hesabu na kutoa taarifa kila mwaka, na imeweka baraza maalumu la kusikiliza migogoro, ili shirika lisiwe mikononi mwa afisa mmoja. Ni sheria bora kuliko ya 1990. Lakini sheria ni jembe, halilimi lenyewe.

Basi msimamo wetu ni huu. Hatutaki shirika la hisani liwe huru kutoulizwa, wala hatutaki aulizaye awe ni serikali peke yake. Mashirika yakitoa hesabu kwa wananchi kwa hiari na mapema, rungu la serikali litakosa kisingizio. Yakificha, yataikabidhi serikali fimbo ya kuwapigia wema na wabaya pamoja.

Sheria inatupa nini mkononi

Kama mawakili, tunaona wajibu wetu mkubwa ni kuwaonyesha yale ambayo tayari ni yenu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote, ikiwa zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki. Unganisheni vifungu hivyo viwili. Mgonjwa anayetegemea dawa za shirika fulani anahitaji kujua dawa hizo ziko wapi ili kuilinda haki yake ya afya. Shirika haliwezi kumjibu kwamba lenyewe si serikali.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hakuna sababu ya mtu kuogopa lugha. Hakuna ada ya kuomba; kinacholipwa ni gharama ya kunakili tu. Jibu linapaswa kutolewa katika siku 21, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kwa jina la Ombudsman. Na kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinamlinda anayefichua habari kwa manufaa ya umma. Karani wa shirika anayeona stakabadhi za uongo ajue kifungu hicho kipo.

Lakini tuwe waangalifu katika kuuliza. Tunachoomba ni hesabu ya fedha. Hatuombi majina ya wagonjwa. Shirika likibandika ubaoni orodha ya watu wanaopata dawa za Ukimwi ili kuthibitisha uaminifu wake, litakuwa limevunja haki moja kwa kujifanya linatimiza nyingine, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalikataza. Idadi inatosha: walihudumiwa wangapi, kwa nini, na kwa gharama gani.

Yako maswali matano ambayo kila mtu anaweza kuyauliza bila kuwa mhasibu. La kwanza: mwaka jana mlipokea kiasi gani, na kutoka wapi? La pili: kilitumika kwa nini, na kilichobaki kiko wapi? La tatu: ni nani walio katika bodi, na ni nani kati yao, au jamaa zao, aliyeuziana na shirika? La nne: ni nani aliyekagua hesabu zenu, na taarifa yake inaweza kusomwa wapi? La tano: wagonjwa wenyewe wanakaa wapi pale mnapoamua? Shirika lenye majibu halitakasirika. Likikasirika, mmepata jibu la sita.

Kanisa lianze nyumbani

Tumalizie kwa neno kwa waumini, kwa kuwa hospitali na zahanati za misheni zimebeba mzigo mkubwa wa afya katika nchi hii tangu kabla ya uhuru, na mahali pengi hakuna nyingine. Makanisa yalipoungana mwaka 1986, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, kuanzisha bohari ya dawa ya MEDS, yalionyesha kwamba sadaka inaweza kusimamiwa kwa utaratibu na kwa kitaalamu. Kanisa lina sifa ya kulinda. Kwa sababu hiyo hasa lisiogope kuulizwa.

Wapo wanaosema kwamba kudai hesabu ya sadaka ni kukosa imani. Na warudi katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa kundi lililosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaita wanung'unikaji maadui wa kanisa. Waliita mkutano, wakawaambia waumini wachague watu saba wenye sifa njema wa kusimamia jambo hilo. Yatazameni majina ya hao saba: yote ni ya Kiyunani. Usimamizi ulikabidhiwa kwa watu wa upande uliolalamika. Tangu mwanzo, basi, kanisa lilijua yale tunayoyadai leo, kwamba aliyesahauliwa katika mgawo awe na mtu wake mezani.

Naye Mtume Paulo, alipokusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuibeba peke yake. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo mtu wa kumlaumu kwa habari ya fedha hizo. Ikiwa Paulo alitaka shahidi, ni mkurugenzi gani wa leo aliye juu ya mashahidi?

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kila parokia na kila usharika unaochangisha kwa ajili ya mgonjwa au hospitali usome hesabu yake mbele ya waumini katika muda wa siku 30 baada ya mchango, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, na kuibandika mlangoni. Kila hospitali ya kanisa iweke katika kamati yake wagonjwa au jamaa zao wasiopungua wawili, waliochaguliwa na wenzao bila kuteuliwa na mkubwa yeyote. Na kila kikundi cha mageuzi kiliopo hapa kichague shirika moja la afya katika eneo lake, kiliandikie maswali yale matano kwa heshima, na kuleta majibu katika mkutano ujao. Shirika litakalojibu vizuri tulitangaze na kulichangia. Lisilojibu tuliandikie tena, na mara ya tatu tutumie sheria.

Ndugu wananchi, miaka ile ya tisini tuliambiwa kwamba kuuliza ni uchochezi. Tukauliza, na nchi haikubomoka. Leo tunaambiwa kwamba kuuliza kutawafukuza wafadhili. Mfadhili wa kweli hafukuzwi na swali. Hufukuzwa na jibu la uongo. Na mgonjwa aliyelala katika wodi, asiyejua kwamba dawa yake ilinunuliwa na haikufika, hana mwingine wa kumwulizia ila sisi. Tumwulizie.